Robo ya Kichupa

Machi 4
Semina ya wafamasia kuhusu maafa imekwisha leo, ng'ambo ya mto. Tumefundishwa kwamba siku daraja likikatika, hospitali itakuwa ni sisi. Mwezeshaji alilirudia hilo mara nyingi, na kila aliporudia alitutazama kama mtu aliyeagiza mzigo akaletewa mwingine. Nimeandika yote: dawa za kusafisha maji ziwe tayari, dawa za moyo, pumu na kisukari ziongezwe kabla ya mvua, rafu za chini ziachwe tupu. Niliuliza maswali. Kipaza hakuuliza hata moja.

Kipaza ni mfamasia mwenzangu, na duka lake linatazamana na langu. Jina amepewa na mtaa, kwa sababu ya kipaza sauti alichotundika mlangoni, kinachotangaza dawa ya minyoo kama watu wanavyotangaza nyanya. Mwaka wa tatu huu hatusemeshani, tangu aliposhusha bei ya dawa za presha na wateja wangu wakavuka barabara mmoja baada ya mwingine. Wenye maduka ya dawa huazimana: ukiishiwa na pakiti unatuma mtu kwa jirani, mzigo ukifika unarudisha. Sisi wawili hatuazimani hata kibiriti. Leo wakati wa chai aliiacha keki yake mezani bila kuigusa. Majivuno mpaka kwenye keki.

Machi 9
Mvua ya kwanza, nyepesi. Nimehamisha dawa zote za rafu za chini. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na ulimi wake haujui likizo. Alinitazama nikipanda na kushuka ngazi, akasema mimi ningekuwa dawa, ningeandikwa "tikisa kabla ya kutumia".

Machi 10
Mvua. Wateja wachache.

Machi 15
Fundi cherehani amekuja na binti yake kuchukua insulini ya mwezi. Mtoto ana miaka tisa na mtaa mzima unamwita Pindo, kwa kuwa amekulia chini ya meza ya baba yake, juu ya vipande vya vitambaa. Kisukari chake ni kile cha utotoni. Mwili wake hautengenezi insulini hata kidogo, na akikosa sindano siku mbili tatu, tutakuwa tunazungumzia mazishi. Kwa ajili yake naweka vichupa vya akiba kwenye friji. Kipaza hauzi insulini. Mtu akimuuliza, anamwonyesha mlango wangu. Nadhani anaona haina faida.

"Dokta," Pindo aliniuliza, "mvua ikinyesha sana, friji inaogopa?"

"Friji haiogopi."

"Na umeme?"

"Umeme ndio mwoga."

Alicheka mpaka baba yake akamvuta mkono. Sijui kucheza na watoto, lakini huyu hunirahisishia.

Machi 22
Mvua. Mto umebadilika rangi.

Machi 27
Mwenyekiti wa mtaa amepita na mwavuli kutuambia tusiwe na hofu. Kabla hajaja sikuwa nayo.

Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye bucha pale kona, amenunua jenereta na anaionyesha kama mtoto mchanga. "Shemeji, dawa zako zikipata joto niletee. Kwangu kuna baridi ya kutosha mpaka siku ya kiama." Nilimshukuru. Ni mtu mwema, na wema wake una sauti kubwa.

Machi 30
Umeme umekatika tangu jana. Kipimajoto cha friji kinapanda. Lebo ya insulini inasema nyuzi mbili hadi nane, nami sijawahi kubishana na lebo. Nimevipeleka vichupa vyote vinne kwa shemeji.

"Friji," nilimwambia. "Si friza. Ikiganda imekufa."

"Shemeji, na mimi nimesoma."

Mke wangu aliuliza kwa nini nisibakize kimoja nyumbani. Nilimjibu lebo inasema nyuzi mbili hadi nane.

Aprili 2
Daraja limekwenda saa za mchana. Sikusikia mshindo wowote. Watu waliokuwa wamesimama ukingoni walirudi kinyumenyume, kisha wakakimbia. Jioni maji yalikuwa yameingia nyumba zote za chini ya mtaa, ya fundi ikiwemo. Amehamia shuleni na mkewe na mtoto. Wameokoa cherehani, magodoro mawili na sufuria. Kabati lenye kichupa cha Pindo limeondoka na maji.

Mama yake alinishika mkono mlangoni pa darasa. "Dokta, asubuhi alichomwa. Kesho je?"

"Kesho ipo kwa shemeji yangu," nilisema. "Kwenye friji." Nilijisikia kama mwanafunzi aliyekutana na swali alilolisoma jana yake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

Aprili 3
Nimefika buchani asubuhi na mapema. Shemeji alikuwa anafuta kaunta, amechoka, amefurahi.

"Mafuta ya jenereta yalikuwa yanaelekea kuisha," alisema. "Nikaona niache friji, niokoe friza, nyama yote nikaihamishia huko. Na vichupa vyako pia, usiwe na wasiwasi, sikuvisahau. Vikaganda hasa, kama mawe. Asubuhi nimevitoa vipate hewa." Akanipa mfuko. Vichupa vilikuwa safi, vina umande, vinapendeza.

Insulini iliyoganda ikiyeyuka hurudi kuonekana nzima. Nguvu yake ndiyo inayokuwa imekwenda, na hakuna jicho linaloiona ikiondoka. Ukimchoma nayo mtoto, unamchoma maji, na wewe unakwenda kulala umetulia. Nilimwambia shemeji asante. Nilikwenda nyuma ya duka langu nikavimwaga vyote vinne, nikabaki nimesimama pale.

Jambo ambalo mke wangu aliliona bila semina ni hili: kichupa kinachotumika hukaa wiki kadhaa nje ya friji, mradi kisipigwe na joto. Unakipoza kwa chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, na kitambaa juu. Najua hilo tangu chuoni. Ningebakiza kimoja tu. Lakini nilikuwa na lebo.

Nilipiga simu ofisi ya maafa ng'ambo. Sauti ya heshima ikasema boti itakuja kesho. Shuleni mama Pindo alikuwa ananisubiri getini, na nilipomwambia asubiri kidogo zaidi, akaanza kulia. Fundi hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

Mke wangu alinivuta pembeni. "Umeuliza duka la mbele?"

"Hauzi insulini."

"Sijakuuliza anauza nini. Nimekuuliza kama umeuliza."

Nikavuka barabara. Maji yalifika magotini. Baraza la Kipaza liko juu, duka lake halikuingia maji, na yeye alikuwa ameketi ndani akipakia dawa za kusafisha maji kwenye mifuko midogo, akiandika maelekezo kwa kalamu, herufi kubwa. Sikutegemea kumkuta akifanya kazi niliyopanga kuifanya mimi.

Nilimweleza yote, na la friza pia. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikujua analiweza. Kisha akainuka, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kichupa cha insulini kilichobaki robo.

"Hii ni aina ileile," alisema.

"Wewe huuzi insulini."

"Siiuzi." Akafungua vifungo vya shati, akanionyesha tumbo. Madoa madogo ya sindano, mapya na ya zamani. "Mwaka wa kumi na moja. Nanunua ng'ambo, mbali, nisikojulikana. Mtaa ukijua, nimekwisha. Mganga hajigangi, watasema. Nani atachukua dawa kwa mfamasia anayeumwa?"

Nilitaka kusema kitu kuhusu keki.

"Kaa nacho wewe," aliendelea. "Kikibaki kwangu nitapata hoja za kukitumia peke yangu. Mimi nitakuja kwako kuchomwa, kwa mlango wa nyuma. Na hii ni siri ya mgonjwa, Dokta. Ulikula kiapo kama nilivyokula mimi."

"Unatumia yuniti ngapi kwa siku?"

"Kumi zinanitosha. Mwili wangu mwepesi."

Nilipiga hesabu. Kwa kumi zake na dozi kamili ya mtoto, tungefika kama wiki. Kabla ya adhuhuri Pindo alikuwa amechomwa. Mama yake alinibusu mkono nami nikaurudisha haraka, maana haukuwa mkono wa kubusiwa.

Aprili 4
Chungu kinafanya kazi. Boti kesho.

Aprili 5
Watoto wanne wanaharisha shuleni. Nimepeleka vipakiti vya chumvi na sukari, nikamkuta Kipaza ameshafika, anawaonyesha akina mama jinsi ya kuchanganya. Hatukusalimiana. Tuligawana madarasa bila kusema, yeye upande wa choo, mimi upande wa jiko.

Watu wanadhani insulini ni ile ya buchani. Shemeji anapongezwa njia nzima. Siwezi kumwambia, kwa sababu swali la pili litakuwa: sasa mtoto anachomwa nini?

Aprili 6
Boti kesho.

Leo nilipovuta dawa ya Kipaza niliuangalia mstari wa sindano mara mbili. Wa mtoto niliuangalia mara moja. Nilitaka kujua kama mkono wangu unampunja mtu nisiyempenda. Haukumpunja. Nilifurahi, na furaha hiyo imenitia aibu kidogo.

Aliketi jikoni kwetu kwa muda baada ya sindano. Mke wangu alimpa mboga za kuchemsha, chakula pekee anachokubali siku hizi. Kumbe ni mchekeshaji. Amemwambia mke wangu kwamba alinunua kipaza sauti kwa sababu anaona haya kuita watu kwa mdomo wake. Mke wangu alicheka sana. Na mimi nilicheka, halafu nikajikumbusha habari ya dawa za presha.

Aprili 7
Mvua imepungua. Pindo anaomba tuhamishie chungu darasani ili dawa isikae peke yake. Nimemwambia haiko peke yake. Boti kesho.

Aprili 8
Kipaza hakuja asubuhi. Nilimfuata. Alikuwa amelala nyuma ya kaunta, ndoo ya maji ya kunywa pembeni, karibu tupu. Mashavu yamebonyea. Nilipoinama kumwinua nikasikia pumzi yake ina harufu ya tunda lililoiva mpaka likaanza kuchacha. Mfamasia yeyote anaijua harufu hiyo. Mwili umekosa insulini, umeanza kujiunguza wenyewe.

"Kumi haikuwa kweli," nilisema.

"Mimi mfanyabiashara," alisema taratibu. "Umeshaona wapi bei ya kwanza ikawa ya kweli?"

"Ngapi?"

"Arobaini."

Nilikasirika. Sijakasirika hivyo tangu nimjue, na nimekuwa na sababu nyingi. Nilimwita mpumbavu. Nilimwambia nimekaa siku zote hizi nikipima mstari kwa haki, nikijisifu moyoni kwa haki yangu, kumbe napimia uongo. Alisubiri nimalize.

"Ungejua ungegawa nusu kwa nusu," alisema. "Na kingekuwa kimeisha jana. Umri wangu na wa yule mtoto si sawa, Dokta. Nipe maji."

Nikampa maji. Nikaleta kichupa, kilichobaki chini kabisa. Nilitaka kumpa dozi yake halali, akafunika sindano kwa kiganja. Tulivutana kama watoto. Mwishowe alikubali kumi zake tu, na nguvu zake zote zilikuwa zimeishia kwenye kunizuia. Imebaki ya Pindo ya kesho, basi.

Nilipiga simu ofisi ya maafa. Sauti ya heshima ikaanza, "Boti itakuja..." Nikamwambia kuna mtu anakufa, na kama boti ni ya kesho tena, aje yeye mwenyewe achague jeneza. Mke wangu aliniondolea simu, akaomba radhi, kisha akasema maneno yaleyale kwa upole. Yakasikika vibaya zaidi.

Aprili 9
Boti imekuja. Wameleta insulini, na wamemchukua Kipaza. Aliomba atembee mwenyewe mpaka majini, nami nikamshika kiwiko kama mtu anayeongea na rafiki. Aliwaambia watu anakwenda kufuata mzigo. Boti haijafika katikati, mtu akasema, "Mwenye duka ndiye wa kwanza kukimbia." Wengine wakacheka. Pindo alikuwa amesimama karibu nami, amenenepa kidogo.

Nilinyamaza. Kimya hicho kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia.

Aprili 12
Jua. Tope kila mahali. Nasafisha.

Aprili 21
Daraja la muda limefunguliwa. Kipaza amerudi, shati linampwaya. Tumeinuliana mkono, kila mmoja mlangoni pake. Kipaza sauti chake kimeharibika, hajakitengeneza.

Aprili 25
Fundi amenipima mabega kwa macho nilipokuwa napita. Mke wangu anasema kuna kitu kinashonwa. Jumapili mtaa unafanya mkutano wa kushukuru.

Aprili 28
Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Mwenyekiti wa mtaa alieleza mafuriko kama mtu aliyeyaongoza. Akanisimamisha, akaniita mkombozi. Fundi akaja mbele, koti jeupe jipya kwenye mkono wake, pindo zake zimeshonwa kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona dukani. Kipaza alikuwa safu ya nyuma, anapiga makofi kuliko wote.

Ningelipokea koti. Nilikuwa nimeshaamua: siri ni ya mgonjwa, na sifa isiyo yako unaweza kuivaa na maisha yakaendelea. Lakini mwenyekiti akamwita shemeji pia. Akasema mtaa umejifunza, kwamba friza ndiyo iliyomwokoa mtoto, na kuanzia sasa masika ikianza, kila mwenye dawa ya kisukari aipeleke buchani igandishwe. Watu wakaitikia. Mama mmoja ambaye mumewe ameanza insulini mwezi huu alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Hapana," nilisema.

Nikawaeleza kuwa insulini iliyoganda ni maji. Kwamba zile za buchani ziliganda, nami nilizimwaga zote asubuhi ya tarehe tatu. Kwamba kosa ni langu, kwa kuzitoa zote na kutobakiza hata moja. Shemeji aliniangalia kama mtu aliyechapwa kofi na ndugu yake.

Mama Pindo akainuka. "Sasa mwanangu alichomwa nini?"

Sikutazama safu ya nyuma. Kama ningetazama, watu wote wangegeuka.

"Nilikuwa na kichupa kingine," nilisema. "Nilikiweka pembeni."

Alichukua muda kuelewa, kisha akaelewa vibaya, kama nilivyojua ataelewa. "Nililia mbele yako pale getini. Ukaniambia nisubiri. Kumbe unayo?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa unangoja nini, Dokta? Bei ipande?"

Fundi alilikunja koti taratibu, mkono juu ya mkono, akarudi nalo kwenye kiti chake. Mwenyekiti alifunga mkutano bila dua.

Mke wangu tulitembea naye mpaka nyumbani. Yeye anajua yote. Alisema, "Leo sina cha kukutania." Nilikuwa na uchungu, na niliogopa kwamba haki niliyoitenda ingenikaa rohoni kama deni la mtu mwingine.

Aprili 29
Nimefungua duka kama kawaida. Watu walipita wakitazama chini. Shemeji alikuja mapema, akasimama, akasema, "Ungeniambia mimi peke yangu," akaondoka kabla sijajibu. Ana haki.

Baadaye wakaingia wateja watatu wanne kwa pamoja, wale wasiokuwa na budi. Mama Pindo alikuwa mmoja wao, na mtoto. Hakunisalimu. Aliweka cheti cha dawa juu ya kaunta na kuangalia ukuta.

Nilikuwa nimegeukia friji nikasikia mazungumzo yamekatika. Kipaza alikuwa amesimama katikati ya duka langu. Miaka mitatu hajawahi kukanyaga sakafu ile. Aliwasalimu wote, wakamwitikia kwa mshangao, kisha akaja mpaka kwenye kaunta, akasimama kando ya mama Pindo, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"We baba, vipi tena?" mwanamke mmoja akauliza.

Akalifungua lote. Tumbo lake na madoa yake yote vikawa wazi mbele ya watu.

"Dokta," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, na sauti yake kumbe si kubwa, "nichome. Kama ulivyokuwa unanichoma wakati wa maji, baada ya Pindo, kutoka kichupa changu."

Mama Pindo alilitazama lile tumbo, akanitazama mimi, akalitazama tena. Mtoto ndiye aliyeelewa wa kwanza.

"Kumbe tulikuwa tunachangia," alisema.

Mama yake alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuza macho, akaketi. Nikanawa mikono. Nikavuta dawa polepole mpaka kwenye mstari, arobaini kamili, nikamchoma.